Dawa ya Nyuki

Nyanzala hakuwahi kumpa mwanawe tone la dawa ile kabla ya kulionja yeye mwenyewe. Alikinga kijiko chini ya bomba la mtungi, akangoja tone lidondoke, akaliramba kwa ncha ya ulimi, kisha akaketi kwenye kigoda akijisikiliza. Moyo. Tumbo. Macho. Dunia isipozunguka, ndipo alipomwita Milembe aje anywe lake.

"Mama, siku moja utakufa kwa kuonja," alisema Kalunde, binti yake mkubwa. Alikuwa mlangoni, mkoba begani, tayari kwa safari.

"Bora nife mimi niliyekwisha kula chumvi nyingi."

"Hiyo ni dawa ya selimundu. Wewe selimundu huna."

"Ndiyo maana naonja. Mgonjwa hachagui uji, mzima ndiye wa kuuonja."

Mtungi wenyewe ulikaa pembeni mwa jiko, pale ulipokaa zamani ule wa maji. Huu haukuwa na maji. Ndani yake mlikuwa na hamira, hamira kama ya maandazi, ila hii ilikuwa imefundishwa. Ukiilisha maji ya sukari ilinguruma polepole kama paka aliyeshiba, na mwisho wake ikatoa dawa. Na aliyeifundisha ni Mkunjo, ile akili iliyosemea kwenye kioo cha ukutani, ambacho Nyanzala alikifunika kanga kila Kalunde alipotoka.

Mkunjo ulikuwa wa bure. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Katika maisha yake hajaona mtu akigawa bure asirudi kudai. Waliogawa mbegu bure pale Itobola walirudi msimu uliofuata wakiziuza, na wakati huo mbegu za kienyeji zilikwisha kuliwa.

"Hivi nani hasa aliuweka?" aliuliza, kwa mara nyingine.

"Watu wa sayansi. Wameuacha wazi kwa kila mtu."

"Kila mtu ndiye nani?"

"Kila mtu, mama! Wewe, mimi, daktari wa Dodoma, mwanafunzi wa Kigoma."

"Na mchawi?"

Kalunde alicheka. "Na mchawi. Akiwa na bando."

Nyanzala hakucheka. Basi Kalunde akatua mkoba, akaivuta kanga kwenye kamba ya nguo. "Tazama. Mwili umejaa nyuzi, tunaziita protini. Uzi ulionyooka hauna kazi. Ukikunjika ndipo unapata kazi. Kanga hii nikiikunja hivi," akaizungusha ikawa ngata, akaiweka kichwani, "inabeba ndoo. Nikiikunja hivi," akaifunga mgongoni ikawa mbeleko, "inabeba mtoto. Kanga ni ile ile, mkunjo ndio kazi. Zamani mtaalamu alizeeka maabara akitafuta uzi mmoja tu unakunjikaje. Mkunjo unauambia kazi unayoitaka, unakuonyesha umbo lake papo hapo, unaifundisha hamira. Ndivyo damu ya Milembe ilivyoacha kukwama mishipani."

Nyanzala aliipokea kanga. Akaisokota, akaisokota tena, mpaka ikawa kamba, akaivuta kwa mikono miwili ikatoa mlio.

"Na hivi?"

Kalunde aliigusa ile kamba. "Hivi inafunga mzigo."

"Inafunga na shingo."

"Haya, mama." Kalunde alichukua mkoba wake. Alikuwa anakwenda Tabora mjini kwenye mafunzo ya wahudumu wa mitungi. "Mimi naondoka. Usiuguse Mkunjo mpaka nirudi. Dawa ya Milembe inajitengeneza yenyewe."

"Niuguse, una nini cha kunivuta?"

Lakini kinywa hutangulia, miguu ikafuata kwingine.

*

Mwaka ule majana yalikuwa yanaoza mizingani. Ukifungua sega unakuta watoto wa nyuki wameyeyuka, weusi, wananuka kama gundi ya fundi viatu. Nyanzala alikuwa na mizinga yake kule msituni, miyomboni, na jirani yake wa ng'ambo ya ua wa mnyaa, Kabula, alikuwa na mingi zaidi. Kabula ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa warina asali wa Itobola, mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona.

"Hodi humu! Shoga, nimefungua mwingine leo. Umeoza wote." Akaingia bila kungoja karibu, akakiona kioo kilivyofunikwa. "He! Una tabibu wa dunia nzima ukutani, umemfunika kanga kama maiti?"

"Mwache. Kalunde kakataza."

"Kalunde yuko Tabora anakula chipsi. Nyuki wanakufa hapa. Mimi nina mtungi wangu wa dawa ya presha, lakini kuzungumza na huyo bwana sijui. Wewe unamsikia kila siku anavyosemeshwa. Au unaogopa?"

"Siogopi. Namshuku."

"Hata marehemu mumeo ulimshuku kwa kukupenda. Funua!"

Kanga ikafunuliwa. Mkunjo ukasalimia kwa Kiswahili safi cha redioni, mpaka Nyanzala akajikuta anajitanda vizuri.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini leo?"

"Marahaba. Eeh… nyuki wanatusumbua sana mwaka huu. Tunaomba dawa ya nyuki."

"Poleni sana. Ni nyuki wanaouma, au wale wadogo wasiouma?"

"Wanaouma."

"Wako wapi?"

"Mizingani, wako wapi tena?" alidakia Kabula.

"Ni wengi?"

"Wengi mno, mwanangu! Miti imejaa."

"Karibu na hapo kuna watu au mifugo? Nisingependa dawa imdhuru mtu."

Kabula alimpiga Nyanzala kikumbo. "Umesikia? Ana utu kuliko mganga wa kituo." Kisha kwa sauti: "Watoto wapo, mbuzi wapo."

"Basi nitachagua umbo ambalo halimgusi mtu wala mnyama. Ungependa liwafikie nyuki wote wa mzinga, au wachache?"

"Wote! Malkia, vibarua, mpaka majana. Asibaki hata mmoja."

"Nyuki hulishana mdomo kwa mdomo. Naweza kulifanya wapokezane wao kwa wao."

"Hapo ndipo umesema!"

Kwenye kioo uzi ukaanza kukunjika. Ulijizungusha, ukajipinda, ukaingia ndani ya kitanzi chake wenyewe, ukatulia. Lilikuwa umbo zuri, jekundu na la kijani, kama ua la mgomba. Nyanzala alilitazama, asilipende, na hakujua kwa nini.

"Mbona inakubali kila kitu?" alinong'ona. "Mtu asiyekataa ana lake."

"Ana lake la kusaidia watu. Mnyime basi shukrani."

"Kila kinachotengenezwa hapa huwekwa kwenye Uchanja wa Wote, ili na wengine wapate," Mkunjo ulisema. "Nilipe jina gani?"

Uchanja ule nao ulikuwa kama uchanja wa muhogo uani, hauna ukuta wala kufuli. Tofauti ni kwamba wa uani unaweza kuanua. Ule, ukishaanika, umeanika. Aliyeanika aliweza kubadili jina tu, basi.

"Dawa ya Nyuki," alisema Kabula, kifua mbele. "Ya Itobola. Wajue ilikotoka."

*

Waliitengeneza kwenye mtungi wa Kabula. Ilipodondoka, ilikuwa maji meupe, yana utamu wa mbali. Nyanzala aliikinga kwa kijiko, akairamba kama desturi yake, akaketi akijisikiliza. Moyo ulikwenda. Tumbo lilitulia. Akaonja tena. Hakuna kitu.

"Umeridhika, mkemia mkuu?" Kabula aliuliza. "Mimi natia mizinga yangu yote leo leo."

"Usitie yote. Anza na mmoja."

"Majana yanaoza, nianze na mmoja? Wewe anza na mmoja. Woga wako umekaa pale pale tangu tuko darasa la nne."

Nyanzala alichagua mzinga mkongwe, uliopasuka ubavuni, ule ambao angeukosa asiulilie sana. Akatia. Akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata alijua kabla hajafika. Miyomboni kuna sauti ambayo mrina asali haisikii mpaka inyamaze. Chini ya mzinga mkongwe nyasi zilikuwa nyeusi. Alidhani ni mvua imeangusha matunda. Akachuchumaa, akaokota moja kwa vidole. Lilikuwa na mabawa.

Wamekufa wawili wawili, midomo imegusana, kama waliokuwa wakipokezana tonge. Mizinga yake mingine ilivuma kama kawaida, kwa kuwa kila mzinga ulikula kwake. Lakini toka upande wa Kabula hakukusikika kitu. Hata kimoja. Kulikuwa na msitu tu, na mtu analia bila kuficha.

Alimkuta Kabula ameketi chini, kitambaa kimemtoka kichwani, ameshika sega mapajani kama anayepakata mtoto.

"Kabula…"

"Wewe ulitia mingapi?"

"Nilikuambia…"

"Mingapi, Nyanzala?"

"Mmoja."

"Mmoja." Kabula aliinua uso. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka, akabaki kama nyumba iliyohamwa. "Tena ule mkongwe. Uliopasuka. Ukaniacha mimi nitie yote."

"Nilikuambia uanze na mmoja! Nilionja, Kabula! Niliionja mbele yako!"

"Ulionja. Ukaona haikuui wewe, ukanyamaza. Ulijua kitu."

"Sikujua chochote. Nilishuku tu."

"Kushuku kwako kumeokoa nyuki zako peke yako," alisema Kabula. "Ondoka kwangu."

Nyanzala aliondoka. Njia nzima ulimi wake ulikuwa mzito kinywani. Kwa muda wote ule ameutegemea ulimi huo kama mlinzi wa mlango, na kumbe ulikuwa ulimi wa mtu. Haukuwa ulimi wa nyuki.

*

Kalunde alirudi akakuta kanga imekazwa kwenye kioo kwa pini. Alisikiliza habari akiwa amesimama, mkoba bado begani. Kisha akaufungua Mkunjo, akayarudisha mazungumzo yote tangu shikamoo. Nyanzala alijiandaa kusikia hila ya wenye mashine, lile neno la siri alilolingoja miaka yote. Hakulisikia. Alisikia sauti yake mwenyewe.

"Nilijua," alisema hata hivyo. "Wametuua. Nilisema cha bure kina mwenyewe."

"Mama." Kalunde alizima kioo. "Dawa ya mende inafanya nini?"

"Inaua mende."

"Ya mbu?"

"Inaua mbu. Unanichezea?"

"Ya chawa? Ya siafu? Ya mchwa?"

Nyanzala alitafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Lakini dawa ya kuku haiui kuku," alisema, taratibu. "Dawa ya ng'ombe haiui ng'ombe."

"Kuku ana mwenyewe. Mkunjo umemhesabu nyuki pamoja na wadudu. Tena ukaambiwa wanasumbua. Ukaambiwa asibaki hata mmoja."

"Mtoto wa Itobola angejua! Hata muuza duka angeniuliza, 'Mama Kalunde, ya kuponya ama ya kuua?'"

"Mkunjo uliuliza yote, mama. Wangapi, wapi, watoto wapo au hawapo. Hilo moja ulidhani unalijua."

Milembe alikuwa uani anaruka kamba, miguu ile ile iliyokuwa ikivimba mpaka akabebwa kwenda msalani. Kamba ilipiga ardhi, ikapiga tena.

Kisha Kalunde alifungua Uchanja, na hapo ndipo Nyanzala alipoona ukubwa wa kitu walichoanika. Palikuwa na ramani, na kila mtungi uliochukua Dawa ya Nyuki uliwaka kitaa. Singida iliwaka. Katavi iliwaka. Kigoma, na ng'ambo ya ziwa, Kalemie. Kila penye majana yanayooza na watu wanaosema Kiswahili, palikuwa na mtu ameona jina lile akashukuru Mungu.

"Toa," alisema Nyanzala. "Toa sasa hivi!"

"Haitoki. Walinzi wa Uchanja ndio wenye uwezo, na wao hawaanui kimoja kimoja. Wakiitwa kwa jambo la kuua, wanafunga Uchanja mzima mpaka wakague kila kilichomo. Mwaka. Labda zaidi."

"Wafunge."

Kalunde alitazama uani. Nyanzala akatazama alikotazama, akaelewa. Hamira ina usahaulifu. Kila mwezi ilibidi ifundishwe upya kutoka Uchanjani, la sivyo mtungi ungetoa maji ya sukari tu. Kufunga Uchanja ni kuikata ile kamba ikiwa hewani.

"Jina basi," alisema. "Jina naweza kubadili. Iite Sumu ya Nyuki. Wakiona sumu watamwaga."

"Watamwaga wema. Lakini leo, mama, mwizi wa asali akitafuta sumu ya nyuki haipati, kwa sababu inaitwa dawa. Mwenye chuki na jirani yake haioni. Ukiiita sumu, unaiwekea kibao. Isiyodhuru mtu, isiyogusa mbuzi, ya bure."

Mama wenzangu, kaeni na hilo kidogo. Uiite dawa, wauaji ni wasio na hatia. Uiite sumu, umewanolea kisu wenye hatia. Uwaite walinzi, umzike wako. Nyanzala alikaa nalo mpaka jua likahama dirisha. Alishuku Mkunjo, akashuku walioutengeneza, akamshuku Kalunde kwa kuongea kwa utulivu vile, na mwisho akajishuku mwenyewe, kwamba anapima nyuki za watu kwa mizani ya mtoto wake.

"Andika," alisema hatimaye. "Usiandike dawa. Usiandike sumu. Andika, Hii Imeua Nyuki Wote wa Kabula."

"Hilo si jina, mama."

"Ni jina. Mtu aichukue huku akijua kuna Kabula."

Kalunde aliandika. Wakakaa mbele ya kioo wakiitazama ramani. Kalemie ikazimika. Ikazimika Katavi, kitaa baada ya kitaa, watu wakimwaga mitungi yao. Mwisho ikafa Singida.

Ramani ilikuwa nyeusi yote. Akainuka kwenda kumkingia Milembe tone lake.

"Mama," aliita Kalunde.

Kitaa kimoja kilikuwa kimewaka. Kipya. Mtu amesoma jina lile lote, mpaka neno la mwisho, na akachukua. Kalunde aliisogeza ramani karibu, karibu zaidi, mpaka majina ya vijiji yakatokea.

Itobola.

Itobola yote ilikuwa na mitungi mitatu. Wa kituo cha afya ulikuwa umefungiwa, leo Jumapili. Wa pili ulikuwa nyuma yao, unanguruma. Nyanzala aligeuka dirishani. Ng'ambo ya mnyaa, kwenye jiko la Kabula, moshi ulikuwa unapanda. Na kule miyomboni mizinga iliyokuwa bado inavuma ilikuwa ya mtu mmoja.

"Niwaite walinzi?" Kalunde aliuliza. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. "Mama, sema. Niwaite?"

Uani kamba ilipiga ardhi.

"Ngoja," alisema Nyanzala.

Alivuka ua wa mnyaa bila kandambili. Mlango wa Kabula ulikuwa wazi nusu. Akasimama kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani alipiga hodi mara ya pili kwa kukosa jibu.

"Nani?"

"Mimi."

Kabula alikuwa ameketi karibu na mtungi wake, mgongo mlangoni. Mtungi ulinguruma. Chini ya bomba palikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli maji meupe yameanza kujikusanya. Hakugeuka.

Nyanzala alikuwa na maneno mengi njiani. Alikuwa na pole, alikuwa na kujitetea, alikuwa na vitisho pia. Yote yakamkauka. Lililobaki lilikuwa moja, lile ambalo mashine haikuliuliza.

"Kabula. Hiyo ni ya kuponya, ama ya kuua?"

Tone lilidondoka. Likadondoka jingine. Kabula alilitazama bakuli kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Bado sijui," alisema. Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa."

Nyanzala alikaa. Akachagua kukaa pale anapouona mtungi, na mikono yote miwili ya Kabula.